KUJENGA UPYA BARABARA NA DARAJA PASIPO KUUFUNGA MJI

UTANGULIZI

Mtu anayetaka kuijenga upya nyumba yake aweza kuhamia kwa jamaa kwa miezi michache, akaibomoa na kuanza tena kutoka kwenye msingi. Mji hauwezi kuhama. Barabara kuu ya mjini ikiharibika na daraja lake likichakaa, ni lazima vitengenezwe huku watu wakiendelea kupita: wafanyakazi, wanafunzi, wagonjwa, na malori ya vyakula. Hapo ndipo hutokea haja ya kuigawa kazi katika awamu.

Watu wengi hudhani kuwa awamu hutokana na uhaba wa fedha tu: fedha zikipatikana kidogo, hujengwa kidogo. Jambo hilo lina ukweli wake, lakini si kiini. Mpangilio wa awamu huamuliwa kwanza na mambo matatu yasiyobembelezeka, nayo ni maji, uzito wa magari, na majira ya mwaka. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi mambo hayo matatu yanavyomwongoza mhandisi katika kuamua kazi ipi itangulie na ipi ingoje. Hesabu zitakazotumika hazizidi zile za shule ya sekondari.

1. MAHALI PA MFANO

Jijini Dar es Salaam, barabara ya Morogoro hulivuka bonde la mto Msimbazi mahali paitwapo Jangwani. Mto huo huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Upande mmoja wa bonde kuna Magomeni na vitongoji vinavyoelekea Ubungo na Kimara. Upande wa pili kuna Kariakoo, katikati ya jiji, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Tangu Mei 2016, mabasi yaendayo haraka pia yamekuwa yakipita hapo katika njia zao maalumu.

Mara kadhaa mvua kubwa zimeijaza Jangwani maji hata barabara ikafungwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha wengi bila makazi. Barabara hiyo inapofungwa, mgonjwa aliyeko Magomeni, ambaye kwa kawaida yu karibu na Muhimbili, hulazimika kuzungushwa mbali. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao miongoni mwa shabaha zake ni kujenga upya daraja la Jangwani. Kwa hiyo mahali hapo panafaa sana kwa somo hili. Hata hivyo, vipimo na miezi itakayotajwa katika hesabu zifuatazo ni ya daraja la kubuni, lililowekwa katika mazingira yanayofanana na ya Jangwani. Si takwimu za mradi wenyewe.

2. NI NINI KINACHOHARIBU BARABARA?

Barabara ya lami si lami peke yake. Chini kabisa ni udongo wa asili ulioshindiliwa. Juu yake huwekwa tabaka la changarawe, kisha tabaka la kokoto, na juu kabisa ngozi nyembamba ya lami iliyochanganywa na kokoto ndogo, ambayo mara nyingi unene wake ni sentimeta chache tu. Kazi ya tabaka hizo ni kuutawanya uzito wa gurudumu, ili ufikapo kwenye udongo uwe umeenea juu ya eneo kubwa na usiweze kuubonyeza.

Kati ya mwaka 1958 na 1960 yalifanyika majaribio makubwa karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Malori yenye uzito mbalimbali yaliendeshwa usiku na mchana juu ya barabara zilizojengwa kwa ajili hiyo. Matokeo yalionyesha kuwa madhara ya ekseli moja kwa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake ni kwamba uzito ukiongezeka mara mbili, madhara hayaongezeki mara mbili, bali mara 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 16.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Ichukuliwe kuwa lori limepakiwa hata ekseli yake ikafikia tani 12. Uwiano wa uzito ni 1.2, na kipeo chake cha nne ni 2.07. Mwenye lori ameongeza mzigo kwa sehemu moja ya tano, lakini ameongeza madhara zaidi ya maradufu. Kinyume chake, ekseli ya gari dogo yenye tani 1 hudhuru mara 10,000 chini ya ekseli ya tani 10. Kwa hiyo mhandisi anayepanga kukarabati barabara haulizi kwanza ni magari mangapi yapitayo. Huuliza ni ekseli nzito ngapi.

Adui wa pili ni maji. Changarawe kavu iliyoshindiliwa ni ngumu; ikilowa, punje zake huteleza na nguvu yake hupungua. Maji yakipenya katika nyufa na kukaa chini ya lami, kila gurudumu zito linalopita huyasukuma kwa nguvu, nayo huondoka na udongo laini. Hatimaye hubaki uwazi, na lami iliyo juu yake hukatika. Hivyo ndivyo shimo la barabarani lizaliwavyo. Kulifukia shimo hilo pasipo kuondoa maji ni sawa na kufunga kidonda kisichosafishwa.

3. DARAJA NA MDOMO WAKE

Kwa mpita njia, daraja ni barabara iliyo juu ya mto. Kwa mto, daraja ni mdomo ambao maji yote hayana budi kupita. Kiasi cha maji kinachopita katika sekunde moja ni sawa na eneo la mdomo likizidishwa kwa mwendo wa maji.

Ichukuliwe kuwa mdomo wa daraja la kale una upana wa meta 30 na kina cha meta 2, na kwamba maji hukimbia meta 2 kwa sekunde. Eneo lake ni meta za mraba 60, na maji yawezayo kupita ni meta za ujazo 120 kwa sekunde. Baada ya miaka kadhaa mchanga na takataka hujaza meta 1 ya kina. Eneo huwa meta za mraba 30, na uwezo hushuka hadi meta za ujazo 60. Daraja halikubadilika hata kidogo, lakini uwezo wake umepungua nusu.

Sasa mafuriko yaje na meta za ujazo 150 kwa sekunde. Hata kama mchanga wote ungeondolewa, meta za ujazo 30 za kila sekunde zingekosa njia. Katika saa moja maji hayo yangefika meta za ujazo 108,000. Hayatoweki, hujikusanya upande wa juu wa mto na kuingia katika nyumba za watu, kisha hufurika juu ya barabara.

Hapa kuna kosa linalovutia kulitenda. Kwa kuwa maji hupita juu ya barabara, wengine hushauri kwamba tuta la barabara liinuliwe meta moja au mbili. Barabara itakauka, ni kweli. Lakini tuta refu lenye mdomo mwembamba ni bwawa. Faida ya msafiri huwa hasara ya mkazi wa bondeni. Dawa yake ni kuinua barabara na kuupanua mdomo kwa pamoja. Kwa kina cha meta 2 na mwendo uleule, maji ya meta za ujazo 150 yahitaji eneo la meta za mraba 75, yaani upana wa meta 37.5. Mhandisi mwangalifu ataongeza tena kwa ajili ya mafuriko makubwa zaidi na kwa ajili ya mchanga utakaorudi.

Pia lazima aitazame misingi. Maji yakibanwa katika mdomo mwembamba huongeza mwendo, na maji yaendayo kasi hukwangua udongo ulio chini ya nguzo. Madaraja mengi duniani yameanguka si kwa sababu mihimili yake ilivunjika, bali kwa sababu mto ulichimba misingi. Ndiyo maana katika mabonde yenye mchanga na tope, nguzo huzamishwa chini sana hadi kufikia udongo mgumu au mwamba.

4. KIPI KITANGULIE?

Kutokana na maelezo hayo, utaratibu wa kazi hujipanga wenyewe.

Kwanza, mabomba ya maji, nyaya za umeme na za simu zilizofukiwa kando ya barabara huhamishwa. Kazi hii haionekani na haisifiwi, lakini ikisahauliwa, greda litasimama siku ya kwanza litakapokata bomba.

Pili, hutayarishwa njia ya magari kupita wakati wa ujenzi. Zipo namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kujenga daraja jipya kando ya lile la kale, kisha kuhamisha magari. Hivyo ndivyo ilivyofanyika Mombasa, ambako daraja la Nyali lililokuwa likielea juu ya maji tangu 1931 liliendelea kutumika hadi daraja jipya la zege lilipokamilika mwaka 1980. Namna hii ni salama, lakini huhitaji ardhi. Ya pili, itumikayo pale majengo yalipobana, ni kujenga nusu kwa nusu: magari hupita upande mmoja wa daraja la kale huku upande wa pili ukibomolewa na kujengwa, kisha hubadilishana.

Tatu, hujengwa mifereji, na nne, daraja lenyewe. Mwisho kabisa huja tabaka jipya la lami. Wananchi wengi wangependa lami ije kwanza, kwa kuwa ndiyo wanayoiona. Lakini lami ikiwekwa kabla ya daraja, malori yanayobeba zege, nondo na kifusi yatapita juu yake kwa miezi mingi, na kanuni ya kipeo cha nne haina huruma. Tena udongo mpya uliojazwa kwenye miisho ya daraja hushuka kidogo kidogo kwa uzito wake. Lami ikiwahishwa hapo, kutatokea ngazi ambayo kila gari litaipiga.

5. KALENDA YA KAZI

Kwa daraja la mfano linalojengwa nusu kwa nusu, kazi ziwe hizi:

A. Kuhamisha mabomba na nyaya: miezi 2.
B. Kutayarisha njia ya magari: mwezi 1.
C. Misingi ya nusu ya kwanza: miezi 3, baada ya A na B.
D. Nguzo na sakafu ya nusu ya kwanza: miezi 3, baada ya C.
E. Kuhamisha magari na kubomoa nusu iliyobaki: mwezi 1, baada ya D.
F. Misingi ya nusu ya pili: miezi 3, baada ya E.
G. Nguzo na sakafu ya nusu ya pili: miezi 3, baada ya F.
H. Mifereji ya pembeni: miezi 4, baada ya A.
I. Tabaka la lami: miezi 2, baada ya G na H.

Mwanafunzi akijumlisha miezi yote atapata 22. Lakini kazi nyingine zaweza kwenda pamoja: B yaweza kufanyika wakati wa A, na H wakati wa C na D. Mlolongo mrefu kuliko yote ni A, C, D, E, F, G, I, wenye miezi 2 + 3 + 3 + 1 + 3 + 3 + 2 = 17. Huo ndio unaoamua urefu wa mradi. Kazi iliyo katika mlolongo huo ikichelewa, mradi wote huchelewa. Mifereji, iliyo nje yake, ina nafasi ya kungoja. Njia hii ya kukokotoa ilibuniwa nchini Marekani mwaka 1957, na wajenzi wa nchi nyingi wangali wakiitumia.

Hata hivyo, karatasi haijui mvua. Dar es Salaam hupata masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Misingi ya mtoni, yaani kazi C na F, hufaa kufanyika katika kiangazi cha Juni hadi Septemba. Januari na Februari pia ni kavu, lakini miezi miwili haitoshi kazi ya miezi mitatu.

Mradi ukianza Aprili, kazi A itakwisha Mei. Kazi C itachukua Juni hadi Agosti. Kazi D, ambayo iko juu ya maji, itachukua Septemba hadi Novemba, na E itachukua Desemba. Kwa hesabu ya karatasi, F ingeanza Januari na kwisha Machi. Lakini Machi ni masika. Hivyo F hungoja hadi Juni, G huisha Novemba, na lami, isiyopenda mvua, huwekwa Januari na Februari. Miezi 17 ya karatasi imekuwa miezi 23 ya kalenda. Kipindi cha kungoja si cha kulala: ndipo mihimili ya zege yaweza kumwagwa kiwandani mahali pakavu, na mifereji kukamilishwa.

Sasa litazamwe jambo moja zaidi. Ikiwa kazi A itachelewa miezi 2, C itaangukia Agosti hadi Oktoba, na Oktoba ni vuli. Mkandarasi asipokubali hatari ya mafuriko, itambidi angoje Juni ya mwaka wa pili, na F itasogea hadi Juni ya mwaka wa tatu. Kuchelewa miezi miwili katika kuhamisha mabomba kumezaa kuchelewa mwaka mzima katika kufungua daraja. Waswahili husema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa huumiza pia hazina ya taifa.

Yako pia mambo ambayo hayaharakishwi kwa kuongeza vibarua. Zege hugandamana kwa mabadiliko ya kikemia kati ya saruji na maji, na kwa desturi nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Watu mia hawawezi kuzifanya siku hizo kuwa 14. Ni lazima zege limwagiliwe, lifunikwe na kungojewa.

6. MAGARI NA WATU WAKATI WA UJENZI

Nusu ya daraja ikifungwa, uwezo wa kupitisha magari hupungua. Ichukuliwe kuwa asubuhi magari 1,200 hufika kila saa, na nusu iliyobaki yaweza kupitisha 900 tu. Kila saa magari 300 hubaki. Baada ya saa mbili foleni ina magari 600. Gari moja na nafasi yake likichukua meta 7 katika mstari mmoja, foleni ina urefu wa kilometa 4.2. Baadaye magari yafikayo yakipungua hadi 600 kwa saa, foleni itapungua kwa magari 300 kila saa, na itachukua saa mbili nyingine kwisha. Hivyo upungufu wa saa mbili huwasumbua watu kwa saa nne.

Lakini shabaha ya barabara ni kupitisha watu, si mabati. Mabasi 40 yenye abiria 70 kila moja hubeba watu 2,800. Watu hao wakisafiri wawili wawili katika magari madogo, yatahitajika magari 1,400. Kwa hiyo nafasi ikiwa haba, njia ya mabasi ndiyo ihifadhiwe kwanza, pamoja na njia ya magari ya wagonjwa. Wala wasisahauliwe waendao kwa miguu na wasukuma mikokoteni. Njia yao ikiwa tope au haipo kabisa, watapita katikati ya mitambo, na hapo ndipo ajali zitokeapo. Uzio, taa za usiku na ubao wenye maandishi makubwa ya Kiswahili ni sehemu ya uhandisi kama zilivyo nondo.

HITIMISHO

Mpango mzuri wa awamu hauanzi na swali la nini kitaonekana kwanza, bali la nini kitaharibiwa na nini. Maji huharibu misingi, kwa hiyo maji hutengenezewa njia kwanza. Malori ya ujenzi huharibu lami, kwa hiyo lami huja mwisho. Mvua huharibu ratiba, kwa hiyo kazi ya mtoni huwekwa katika kiangazi na kazi ya ofisini humalizwa kabla ya kiangazi hicho. Mwananchi anayeuelewa utaratibu huu aweza kuuliza maswali yenye maana mradi unapoanza mtaani kwake: mabomba yamehamishwa? Mdomo wa daraja umepanuliwa kwa kiasi gani? Misingi itaanza mwezi gani?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ekseli ya tani 13 huidhuru barabara mara ngapi zaidi ya ekseli ya tani 10?

2. Mdomo wa daraja una upana wa meta 20 na kina cha meta 3. Maji yakienda meta 2 kwa sekunde, ni kiasi gani kinaweza kupita? Mchanga ukijaza meta 1, kitabaki kiasi gani?

3. Katika kalenda ya sehemu ya 5, eleza kwa nini kazi A ikichelewa mwezi 1 tarehe ya kumaliza mradi haibadiliki.

4. Wanafunzi wahesabu, kwa nusu saa, malori, mabasi na magari madogo yapitayo katika barabara iliyo karibu na shule. Kisha wakadirie ni kundi lipi linaloleta madhara makubwa zaidi kwa barabara, na ni lipi linalobeba watu wengi zaidi.

Majibu: (1) Takriban mara 2.86. (2) Meta za ujazo 120 kwa sekunde, zitabaki 80. (3) Kazi C itachukua Julai hadi Septemba, ambayo bado ni kiangazi. D na E zitakwisha Januari, na F ingengoja Juni kwa vyovyote vile.